Nishani za babu (Keya) na baba (Kagera) zimo kopo moja, na ya sita haina mwenyewe. Wajuzi nisaidieni

#1 Mjukuu wa Keya
Wakuu salaam.

Baba alitutoka mwaka jana. Tulipoanua matanga mama akashusha kopo la majani ya chai lililokuwa juu ya kabati tangu nina akili zangu. Ndani mlikuwa na kipande cha kaki, na ndani ya kaki nishani sita. Babu alikuwa Keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alipigana Burma. Baba alikuwa JWTZ, akaenda vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin na kuishia Uganda. Wote wawili hawakuwa watu wa kusimulia vita. Ukimuuliza baba, anakuuliza kama ng'ombe wameshakunywa maji.

Vilivyomo ni hivi. Nyota tatu za pembe sita, rangi ya shaba: moja imeandikwa Burma, moja Afrika, moja 1939 hadi 1945. Ya nne ni duara nyeupe, upande mmoja simba amesimama juu ya joka la vichwa viwili, na kwenye utepe wake kuna jani dogo la shaba. Ya tano ni ya Tanzania, hiyo ni ya baba, haina mjadala.

Ya sita ndiyo iliyonileta hapa. Ni duara ya manjano, ina malaika mwenye mbawa, na utepe wake una rangi za upinde wa mvua. Ukingoni imechorwa namba, jina na herufi za KAR. Jina si la babu wala si la mtu yeyote tunayemfahamu. Nyuma imeandikwa 1914 hadi 1919, na babu kazaliwa mwaka 1918.

Baba mkubwa anataka zote ziende kwake. Mama anasema hazitoki mpaka ijulikane kila moja ni ya nani. Naombeni msaada.

#2 Sajenti Mstaafu
Pole kwa msiba, kijana. Nimetumikia jeshi miaka 24, nikueleze ninachokijua.

Nyota zote tatu na ile ya simba ni za Vita vya Pili. Simba na joka ndiyo War Medal, alipewa karibu kila askari aliyetumikia siku 28. Ya Burma inajieleza. Ya Afrika ni kwa sababu kikosi chake kilipitia Madagaska mwaka 1942 kabla ya kupelekwa Asia. Ya sita ni ya Vita vya Kwanza, nishani ya ushindi. Haiwezi kuwa ya babu yako hata kwa dawa.

#3 Kumbukumbu za Ziwa
Sajenti, heshima yako, ila naomba nikusahihishe hapo kwenye Madagaska. Madagaska haikuhesabiwa kwenye Nyota ya Afrika. Waliopigana kule walihesabiwa kwenye ile ya 1939 hadi 1945. Kwa askari Keya, Nyota ya Afrika maana yake ni Somalia na Uhabeshi (Ethiopia), kuanzia Juni 1940 mpaka Gondar, ngome ya mwisho ya Waitaliano, ilipoanguka Novemba 1941.

Kwa hiyo mleta uzi, babu yako aliingia jeshini mapema kuliko mnavyodhani. Familia inasema aliingia mwaka gani?

#4 Mjukuu wa Keya
#3 umenishtua. Nyumbani tunasema 1942. Lakini marehemu bibi alikuwa na msemo wake, babu akimkera anamwambia, "Rudi kwa Wahabeshi wako." Sisi watoto tulidhani ni tusi tu.

#5 Kumbukumbu za Ziwa
Basi bibi alikuwa anakupeni historia bure na hamkuichukua. Vikosi vya Tanganyika vilikuwepo kule. Kambi ya Lugalo pale Dar zamani iliitwa Colito, na Colito ni mahali Uhabeshi ambapo KAR ya 6 ilipigana Mei 1941. Jina likabadilishwa baada ya Uhuru likawa Lugalo, pale Mkwawa alipowapiga Wajerumani mwaka 1891.

#6 Sajenti Mstaafu
Nimekubali, #3. Nimelala Lugalo miaka na miaka na hilo la Colito nalijua, ila sikuliunganisha na nyota.

#7 Binti Nyamongo
Mimi nataka kuongelea jina. Msikimbilie kusema ni la mtu mwingine. Babu mzaa mama aliandikishwa Musoma. Karani alimuuliza jina, akataja. Akamuuliza la baba, akataja. Karani akaona refu, akaandika jina la kijiji. Mzee kaitwa kwa jina la kijiji jeshini mpaka anastaafu, na barua zake zilikuwa zinapotea kwa sababu posta hawamjui mtu huyo. Wengine walitoa jina la kaka yao aliyepimwa akaonekana mzima, wao wakaenda badala yake.

#8 Kumbukumbu za Ziwa
Hilo la majina ni kweli tupu, ila halitatui tatizo la mwaka. Mtu wa 1918 hawezi kupewa nishani ya vita vilivyokwisha mwaka huohuo, hata aitweje.

#9 Mpwani wa Mikindani
Nawasalimu wote. Ndugu mleta uzi, kabla hujafika mbali: hiyo ya malaika SI dhahabu, ni shaba. Usimpelekee sonara. Nalisema kwa uchungu. Mjomba wangu alikuwa nazo mbili, ya malaika na ya farasi. Ile ya farasi ilikuwa fedha halisi. Dada yake alipoolewa, ikayeyushwa ikawa bangili. Bangili yenyewe ikaibwa.

#10 Kumbukumbu za Ziwa
#9 umegusa jambo kubwa pengine bila kujua. Ile ya malaika haikutolewa peke yake. Kila aliyeipata alipewa na ya pili ya fedha, upande mmoja mfalme George wa 5, upande wa pili mtu juu ya farasi. Kwa hiyo kwenye kopo la mleta uzi kuna moja IMEPOTEA. Mama aulizwe kama ukoo uliwahi kuwa na bangili au pete ya fedha ya zamani.

#11 Mzee wa Tabora
Nimesoma kuanzia #1. Mnazunguka. Mmemsahau baba wa babu.

Mwaka 1917 Waingereza waliunda KAR ya 6 kwa kuchukua askari waliokuwa wa Mjerumani, waliotekwa au waliojisalimisha. Jana yuko kwa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, leo kavaa sare ya Keya. Huku kwetu Unyamwezini hilo si jambo geni, kuna nyumba ambazo ndugu wawili walikuwa pande mbili. Hiyo ya sita ni ya baba yake babu yako. Alikuwa askari, mwanawe akawa askari, mjukuu akawa askari. Nyumba za namna hiyo zipo.

#12 Mjukuu wa Keya
Shikamoo Mzee wa Tabora. Tatizo ni kwamba baba yake babu tunamjua vizuri. Alikuwa mvuvi, na mguu wake mmoja ulikuwa mbovu tangu utotoni. Jeshi lisingemchukua.

#13 Mzee wa Tabora
Marahaba. Mguu mbovu haukumzuia mtu kubebeshwa mzigo katika vita vile. Waulize waliochukuliwa kwa nguvu.

#14 Mkaazi wa Kariokor
Hapo kwa mizigo naingia. Watani wa Tanzania, mna sanamu ya Askari katikati ya Dar, ya 1927, askari mmoja na bunduki yake kaielekeza bandarini. Ya kwetu Nairobi ya 1928 ina watu watatu, na mmoja ni mpagazi. Sisi tulimkumbuka aliyebeba!

Kwenye ile ya Nairobi kuna maneno kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Na huyu ndugu ameshika jina mkononi na hakuna mtoto anayelijua. Nimelifikiria tangu asubuhi.

#15 Mpwani wa Mikindani
Mtani, sanamu mnayo ila Kariakoo tunayo kubwa zaidi. Jina ni lilelile, kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Nyinyi mkaliita Kariokor, sisi tukalilainisha.

#16 Mkaazi wa Kariokor
Haya, soko ni lenu. Nirudi kwa mada. Mpagazi hakuandikwa kama askari wa KAR. Kama ukingoni kuna herufi za KAR, huyo alishika bunduki. Mzee wa Tabora, mvuvi hajaingia hapo.

Pia mjue wengi wa wale wapagazi hawana kaburi lenye jina. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo hata jina moja ukingoni mwa shaba ni mali.

#17 Kapuku wa Songea
Nyie, kuna hadithi kwamba mwaka 1964 Wajerumani walikuja kuwalipa wale askari wao wazee, wengine hawana karatasi. Ikabidi wapewe fagio washike kama bunduki, wanapigiwa amri kwa Kijerumani. Inasemekana hakuna aliyekosea hata mmoja.

#18 Kumbukumbu za Ziwa
Uamuzi wa kuwalipa ulikuwepo kweli, mwaka uleule aliokufa Lettow-Vorbeck. La fagio linasimuliwa sana, mimi naliweka kwenye simulizi.

#19 Kapuku wa Songea
Babu yangu alikuwa akisikia redio inataja "Achtung", ile amri ya Kijerumani ya kukaa tayari, anakaa wima. La fagio naliamini.

#20 Sajenti Mstaafu
Turudi kwenye lile jani dogo la shaba. Hakuna aliyeligusa na ndicho kitu kizito kuliko vyote. Hilo ni jani la mwaloni. Maana yake askari alitajwa kwa jina kwenye ripoti ya kamanda kwa jambo alilofanya. Kwa Vita vya Pili huwekwa kwenye utepe wa ile ya simba, na majina yalichapishwa kwenye gazeti la serikali la London. Kijana, babu yako alifanya kitu Burma ambacho hakuwaambia.

#21 Kumbukumbu za Ziwa
Taratibu, Sajenti. Hata Vita vya Kwanza walikuwa na jani, nalo lilikaa kwenye utepe wa ile ya malaika. Mleta uzi, jani lako ni moja au ni kishada cha majani? Kishada ni cha vita vya kwanza. Moja ni la baadaye.

#22 Mjukuu wa Keya
Ni moja, lina kikonyo. Lakini kuna jambo ambalo sikulisema. Mama anasema tepe zilikuwa zimeoza, baba akazishona upya kwa mkono miaka ya 90, na ya simba alikosa utepe wake akaweka uliofanana. Kwa hiyo hana hakika jani lilikuwa wapi mwanzo.

#23 Sajenti Mstaafu
Hata hivyo jani moja ni la Vita vya Pili. Nashikilia ni la babu.

#24 Binti Nyamongo
Au alipewa na mwenzake. Au aliliokota. Sajenti, wewe unataka tu awe shujaa.

#25 Sajenti Mstaafu
Ndiyo, nataka. Mtu aliyetoka Uhabeshi akapelekwa tena Burma, akapita Bonde la Kabaw kwenye mvua za 1944 na divisheni ya 11 mpaka mto Chindwin, malaria nje, Mjapani ndani ya kichaka, kisha akarudi kuchunga ng'ombe na kukaa kimya. Nataka awe nalo.

#26 Mama Kaboya
Naomba niwaulize, mbona ya baba imepitwa kwa mstari mmoja? "Haina mjadala." Kwangu ina mjadala.

Kaka yangu alikwenda Kagera akiwa mgambo, si JWTZ. Tulisikia hotuba ya Mwalimu redioni: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Kesho yake asubuhi kaka hakuwepo kitandani. Amelala Kaboya, Muleba. Kila Julai 25 tunakwenda. Sisi hatuna nishani nyumbani, tuna jina kwenye kaburi. Wewe una nishani ya baba yako. Itazame na hiyo.

#27 Mjukuu wa Keya
Mama, shikamoo. Umenisema na nimestahili. Nimeitoa leo mezani. Ni Nishani ya Kagera. Nyuma ya kaki ilikofungwa, baba aliandika kwa kalamu "Lukaya" na tarehe, 11.3.79. Nilikuwa sijaona.

#28 Mama Kaboya
Marahaba mwanangu. Usioshe hiyo kaki.

#29 Kumbukumbu za Ziwa
Lukaya ndiko JWTZ walikokutana barabarani na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, kwenye matope ya kinamasi. Kutoka pale ni mwezi mmoja tu mpaka Kampala, Aprili 11.

Na tukizungumzia mtu wa vita vyote viwili, vya Pili vya Dunia na vya Kagera, tusimsahau Jenerali David Musuguri wa Butiama. Aliingia KAR mwaka 1942, akaenda Madagaska, kisha akaongoza divisheni ya 20 kwenye Kagera. Amefariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Kwa baba na mwana wa uzi huu ilihitajika miili miwili, yeye alitosha peke yake.

#30 Kapuku wa Songea
Na inasemekana alimfundisha Idi Amin gwaride kwenye kambi ya Kahawa, Kenya. Mwanafunzi aliyekuja kujipachika nishani yake mwenyewe, ikaitwa VC kama Victoria Cross, ile nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza! Alipenda kusema alipigana Burma, na aliingia KAR mwaka 1946 vita vimekwisha.

#31 Mkaazi wa Kariokor
Ndiyo maana ya mtu wa kweli iko kwenye kopo la majani ya chai.

Naleta maelezo mengine kuhusu ya sita. Baba yake nyanya yangu alikuwa kikosi cha mizinga, na ndugu yake pia. Ndugu aliondoka Mombasa Februari 1944 na meli ya Khedive Ismail, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi tarehe 12. Walikufa karibu 1,300. Kabla ya kupanda, wale vijana waliachiana vitu: mmoja anaacha saa, mmoja barua, mmoja kitu cha babake, "nikirudi nitachukua." Nyumbani kwetu kuna mkoba wa ngozi wa mtu wa Nyeri tusiyemjua, tangu siku hizo. Huenda babu yako aliwekewa amana.

#32 Binti Nyamongo
Hii ya #31 imenitoa machozi. Nabadilisha kura yangu.

#33 Mzee wa Tabora
Mimi sibadilishi. Ila sio lazima awe baba mzazi. Katika ukoo, "baba" ni wengi.

#34 Mnunuzi Makini
Mkuu njoo inbox, nanunua zote sita pamoja na ile kaki. Bei nzuri.

#35 Sajenti Mstaafu
#34 toka kwenye uzi wa watu.

#36 Mama Kaboya
Toka.

#37 Mjukuu wa Keya
Haziuzwi. Nimerudi na habari mpya, wakuu.

Nimempigia shangazi, dada mkubwa wa baba, kazaliwa 1948. Nikamsomea jina la ukingoni. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Akasema jina kama hilo, lenye herufi moja tofauti, lilikuwa la baba yake BIBI. Yaani mkwe wa babu. Anakumbuka watu wakimwita "Askari" na watoto wakimpigia saluti njiani, lakini alidhani ni utani, kwa sababu mzee mwenyewe alikuwa akisema alikuwa askari wa Mjerumani. Na anakumbuka bangili. Bibi alikuwa na bangili nene nyeupe hakuivua mpaka anazikwa.

#38 Mpwani wa Mikindani
Bangili! Farasi huyo!

#39 Mzee wa Tabora
Wa Mjerumani halafu KAR. Nilisema nini #11?

#40 Mkaazi wa Kariokor
Mzee, ulisema baba wa babu. Huyu ni baba wa bibi. Tukupe nusu.

#41 Kumbukumbu za Ziwa
Ni nzuri lakini tusifunge. Herufi moja tofauti inaweza kuwa karani wa #7, inaweza kuwa mtu mwingine kabisa. Na bangili za fedha nchi hii zilikuwa nyingi, zimetengenezwa kwa rupia na shilingi za zamani. Kama ni mkwe, kwa nini nishani ikae kwa mkwe wa kiume na si kwa wanawe?

#42 Binti Nyamongo
Labda hakuwa na mtoto wa kiume. Labda alimpa mkwe siku anaondoka kwenda Uhabeshi, askari kwa askari. Hapo hata #31 anakuwa na haki kidogo: ni amana, ila ya mkwe.

#43 Sajenti Mstaafu
Au mkwe ndiye aliyemshawishi aingie jeshini. Ndiyo maana bibi alikuwa anakasirikia Wahabeshi.

#44 Mjukuu wa Keya
Shangazi hajui. Anajua tu kwamba babu na mkwe wake walikuwa wakikaa chini ya mkuyu jioni nzima bila kusemezana, na ukiwapelekea togwa wanakunywa kwa kibuyu kimoja.

Nyumbani sasa kumechafuka. Kama ni ya baba wa bibi, basi ni ya ukoo mwingine, na baba mkubwa hana dai. Kasema shangazi amezeeka, anachanganya watu. Shangazi amesema aletewe kopo mkononi, atatambua. Nakwenda Jumamosi. Shida ni kwamba namba ya ukingoni imelika, nasoma tatu tu za mwanzo, na herufi yenye utata ni ya nne ya jina. Nataka kuisugua kwa majivu na limau.

#45 Kumbukumbu za Ziwa
USISUGUE. Utafuta kilichobaki. Paka kitu cheupe cha vumbi juu ya maandishi, kisha pangusa juujuu kwa kitambaa kikavu. Kinabaki ndani ya michoro tu, na herufi zinasomeka. Piga picha taa ikiwa ubavuni, isiwe juu.

#46 Mjukuu wa Keya
Chaki sina, shule ziko likizo. Unga utafaa?

#47 Mpwani wa Mikindani
Unga wa muhogo, ndugu yangu, uliochungwa mara mbili. Wa mahindi una chenga, utakwaruza. Na mchukulie shangazi miwani.